Mkono wa maji si mkono wa woga: kutia meno mpini wa bastola ya mashindano

Assalaam alaykum.

Tangu niweke picha ya medali niliyopata kwenye mashindano ya vikosi, nimepokea salamu nyingi, na nawashukuru nyote. Ujumbe mmoja lakini umenikaa moyoni. Umetoka kwa kijana wa Wete: "Shikamoo kaka. Na mie napiga bastola ya upepo kwenye timu yetu. Mkono wangu unatoka jasho, mpini unateleza. Mwalimu kasema huo ni woga, nijikaze. Sasa nijikaze vipi?"

Mdogo wangu, maneno hayo hayo niliambiwa mie, kwa sauti, uwanjani, mbele ya wenzangu. "Mwenye mkono wa maji hafai bastola." Aliyeyasema alikuwa mkufunzi wangu, mtu mzima, na mpaka leo nikikutana naye njiani namwamkia kwa heshima zote. Lakini sijasahau. Msimu ule nilitolewa kwenye timu, nikawa kazi yangu kubandika karatasi za shabaha za wenzangu na kuzibandua, na jioni kuisafisha bastola ambayo siruhusiwi kuipiga. Hapana hata mmoja aliyeushika mpini ule akautazama. Ulikuwa umepita mikono ya watu wengi, meno ya kiwandani, yaani yale makwaruzo ya kushikia, yamekwisha, na juu yake mtu kaupiga vanishi ukang'ara. Tena ilikuwa kaskazi, wakati ambao hata aliyekaa barazani kivulini shati linamgandama mgongoni. Kiganja kinatoka jasho kwa joto, na kinatoka jasho kwa mori wa mashindano. Yote mawili ni maumbile. Mtu haambiwi ajikaze asitoke jasho.

Niseme kidogo kwa wasioujua mchezo, ili waone kwa nini jambo dogo kama hili linamtoa mtu kwenye timu. Bastola ya upepo ya mita 10 inapiga risasi ndogo ya milimita 4.5. Duara la kumi kwenye shabaha lina upana wa milimita 11.5. Unapewa dakika 75 upige risasi 60, kwa mkono mmoja, umesimama, bila ya kuegemea kitu. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu katika pengo la kilengeo cha nyuma, kwenye karatasi risasi inakwenda karibu sentimita 3 pembeni, na hapo umeshapata alama saba badala ya kumi. Sasa fikiria mpini unaozunguka kidogo tu kiganjani kila ukivuta triga.

Tena bastola hii haishikwi mara moja ikawa basi. Kila risasi unaiweka mezani, unatia nyingine, unaishika upya. Tena na tena mkono unauacha mpini na kuurudia, na kila mara unatakiwa uende palepale, kidole kwa kidole. Kwenye mpini laini mkono hauna pa kwenda. Unakaa popote, halafu unasogea, halafu unabana ili usisogee, na ukibana mkono unaanza kutetemeka. Hapo ndipo mwalimu anapoona woga.

Tangu Yusuf Dikeç wa Uturuki na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wachukue medali ya fedha ya timu mchanganyiko kule Paris 2024, vijana wengi wamejifunza kutia mkono mfukoni. Wanaona utulivu wake na wanautaka. Wote wanautazama mkono wa mfukoni. Mimi nawaambia utazameni ule mwengine, ulioshika.

Basi nilivyofanya ni hivi. Kwenye kabati la timu palikuwa na mpini wa ziada, ule ule wenye vanishi, kwani timu ilipata mipya. Niliomba kwa maandishi nipewe, nikapewa. Hilo nalisisitiza: silaha ya timu au ya serikali usiitie patasi wala msasa bila ya ruhusa iliyoandikwa, na bastola yenyewe ibaki ghalani. Mpini ni kipande cha mbao tu. Iwe Steyr ya Austria, Morini ya Uswisi, Pardini ya Italia, au Walther na Feinwerkbau za Ujerumani, mpini unafungwa kwa skrubu na unatoka. Utoe, ondoka nao peke yake. Vumbi la mbao halitakiwi kabisa kuingia kwenye mtambo wa triga.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa milango ya nakshi. Hajawahi kushika bastola maisha yake. Akaugeuza geuza, akaupitisha kidole gumba, akaniambia, "Mwanangu, huu umepakwa kama meza ya sebuleni. Utashika nini hapa?" Halafu akanipa patasi yake niishike. Mpini wa patasi ile, pale kinapokaa kiganja, ameuacha na makwaruzo. Pale vidole vinapopita kwenda na kurudi, ni laini kabisa. Akasema akikwaruza mahali pote mkono hautajua unakaa wapi.

Maneno yale yalinifaa kuliko mafunzo yote ya msimu ule. Meno ya mpini hayawekwi ili ubane zaidi. Yanawekwa ili ubane kidogo, na mkono uwe na kwao.

Tukaanza kwa kutafuta pa kutia meno. Nilijipaka chaki ya skuli kiganja kizima, nikaushika mpini kama niko uwanjani, nikauachia. Chaki ilibaki sehemu tatu: mbele, chini ya kidole cha kati na cha pete, nyuma, kwenye mgongo wa mpini unaosukuma kiganja, na ubavuni, pale penye nyama ya kiganja. Hizo ndizo zinazofanya kazi. Kidole cha mwisho kinapumzika, kidole gumba kinalala tu, na kidole cha triga hakitakiwi kuugusa mpini hata kidogo. Fundi akazizungushia penseli, na kwengine kote tukakubaliana hapaguswi.

Vanishi tuliitoa kwa msasa namba 120. Kisha fundi akachukua msumari wa zege, akaunoa kwenye jiwe la umeme mpaka ncha ikawa butu kidogo, si kali kama sindano. Akauweka juu ya mbao, akaugonga kwa nyundo ndogo: tundu moja, pembeni yake jingine, ukingo wa hili ukigusa ukingo wa lile, bila ya mistari. Aliniambia ukiyapanga kwa mistari mkono utateleza kuufuata mstari. Mbao inapogongwa hivyo inajikunja juu kuzunguka kila tundu, na huko kujikunja ndiko kunakoshika ngozi. Mlio nao unabadilika, palipokwisha panalia kwa uzito kuliko palipobaki, na fundi alikuwa akijua kwa sikio pa kurudia. Nilikaa naye mpaka ikaadhiniwa Alasiri.

Mwisho akapita juu kwa kipande cha msasa kilichochakaa, mara mbili tatu tu, kuziondoa ncha zinazokata. Akasugua kwa mswaki wa zamani, akapaka mafuta ya mbao kidogo mno, kwani mafuta yakiwa mengi yanajaza matundu na kazi yote inapotea.

Kipimo nilichokuja kukitumia tangu siku hiyo ni kiganja chenyewe. Shika mpini kwa nguvu yako ya kawaida kwa muda wa risasi moja, uachie, utazame ngozi. Alama za vitone vya meno zinatakiwa zionekane kwa usawa katika zile sehemu tatu. Zikiwa nzito mahali pamoja na pengine hakuna, basi tatizo ni umbo, na meno hayatibu umbo. Paongezwe au papunguzwe kwanza, meno baadaye. Wengi wanakimbilia meno kwa kuwa ni rahisi.

Niliporudi kupiga kwa mpini ule, kwa ruhusa ya kiongozi mpya wa timu, jasho lilikuwa lile lile. Kiganja kimelowa, tone linatoka kwenye kifundo. Lakini mkono ulikwenda mahali pake, na kwa mara ya kwanza nikakiona kilengeo cha mbele kimetulia bila ya mimi kukibembeleza. Sikuwa nabana. Hayo mengine mumeyaona kwenye picha. Na aliyesema sifai alikuwepo siku ile ya medali, akanipa mkono. Nikaupokea. Nilitamani aulize nimefanya nini, hakuuliza.

Sasa ushauri wenyewe, kwa mdogo wangu wa Wete na wenzake.

Usipake kitu cha kunata. Kanuni za shirikisho la kimataifa la shabaha, ISSF, zinaruhusu mpini ukwaruzwe, lakini vitu vya kunata haziruhusu, iwe gundi, dawa ya kupuliza au chochote. Kuna watu wanawashauri vijana wapake utomvu au gundi ya viatu. Utatolewa kwenye ukaguzi na utaiaibisha timu yako.

Ukiongeza unene, pima. Bastola nzima, na mpini wake, lazima iingie kwenye sanduku la ukaguzi la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Hiyo 50 ndiyo inayowakamata waliojaza epoksi, ile gundi ngumu ya kujazia, ubavuni kisha wakatia meno juu yake. Uzito usizidi gramu 1,500. Na mpini usipande kukishika kifundo cha mkono, kifundo kinatakiwa kiwe huru.

Msasa wa kubandika, ule wa maduka ya vifaa pale Darajani, unafaa kwa kujaribu tu. Bandika vipande vidogo kwenye zile sehemu tatu, upige nao mazoezi, ukiona mkono umependa mahali ndipo umwendee fundi. Kwa hali yetu ya hewa gundi yake haidumu, ikifika masika utaukuta umeinuka pembeni. Usiende nao mashindanoni.

Anza na meno madogo. Ukiyatia makubwa mwanzo, ngozi itachubuka, utaanza kuukwepa mpini bila ya kujijua, na utarudi kule kule. Meno madogo yanaweza kuongezwa. Makubwa kuyapunguza ni kuila mbao.

Safisha. Hili watu hawalisemi. Risasi za bastola ya upepo ni za madini yanayoitwa risasi (kwa Kiingereza lead), na ile rangi ya kijivu unayoiona vidoleni ndiyo yenyewe. Mpini wenye meno unahifadhi jasho, ngozi na vumbi la madini hayo ndani ya matundu. Usugue kwa mswaki mkavu kila baada ya mazoezi, ufute kwa kitambaa chenye unyevu, uuanike kivulini, si juani, mbao itapasuka. Na wewe nawa kwa maji na sabuni kabla ya kula. Nimewaona vijana wanatoka kulenga wanakwenda moja kwa moja kwenye bakuli la urojo, vidole vya kijivu. Madini haya ni sumu na yanakusanyika mwilini. Nawa.

Na weka kitambaa cha pamba mezani. Futa mkono, futa mpini, kila baada ya risasi chache, bila ya haraka. Dakika 75 zinatosha.

Nirudi kwa walimu, kwani kwenu ndiko nilikokusudia kufika. Nawaheshimu, nyinyi ndio mliotushika mkono. Lakini mkimwona kijana anayumba, tazameni kwanza kile mlichompa akishike. Muulizeni kiganja kinamuuma wapi. Mwambieni aoneshe alama. Neno moja la mwalimu linaweza kumtoa mtu kwenye mchezo kabisa, na wapo walioondoka msimu ule ule nilioondolewa mie, hawakurudi, na walikuwa na jicho zuri kuliko langu.

Khasa nawaombea wasichana. Nimewaona kwenye timu zetu, Unguja na Pemba, wamepewa mpini wa mkono wa mwanamme, kidole cha triga hakifiki, kiganja kinaelea nyuma, halafu wanaambiwa kifundo chao ni dhaifu wakabebe maji kwenye ndoo. Hapo hata meno hayasaidii. Mipini ya mashindano inauzwa peke yake, kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, ya mkono wa kulia na wa kushoto. Timu inayoweza kuagiza bastola inaweza kuagiza na mpini mdogo mmoja pamoja nayo.