Protini za nyongeza au protini kamilishi?

Msomaji anauliza: "Natafsiri kijitabu cha wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe. Kuna protini za damu ambazo wengine wanaziita protini za nyongeza, wengine protini za kuongeza kinga. Nitumie lipi?"

Usitumie lolote kati ya hayo mawili. Andika protini kamilishi. Ukiwaandikia watu wa maabara, komplementi inatosha. Jina la asili, complement, alilitoa mwanasayansi Paul Ehrlich mwishoni mwa karne ya 19, kwa kitu alichokichunguza mwanasayansi mwenzake Jules Bordet katika maji ya damu (seramu): kinakamilisha kazi ya antibodi, yaani protini za kinga zinazonasa vijidudu, na ukiyapasha maji hayo joto la nyuzi 56 kwa nusu saa kazi hiyo inakoma, ingawa antibodi bado zimo. Kamilishi limeundwa kama shirikishi na elekezi, halina kasoro. Wanaisimu wana kijalizo kwa neno hilohilo la complement, nacho kibaki kwenye sarufi.

Linaloniudhi ni hilo kuongeza, pamoja na nduguze kupandisha kinga na kinga imeshuka. Najua yalikotoka. Kwenye kliniki za VVU walikuwa wakihesabu seli za CD4, ambazo ni seli nyeupe za kinga, na mgonjwa aliyefika chini ya 200 kwa mikrolita aliambiwa kinga imeshuka. Pale kulikuwa na kitu cha kuhesabu, na kilishuka kweli. Kisha msemo ukaingia mtaani. Leo anayepiga chafya mara mbili kinga yake imeshuka, na muuza juisi ya tangawizi anaipandisha, kana kwamba kinga ni maji ya tangi.

Sasa upeleke msemo huo kwenye kijitabu chako uone madhara yake. Protini kamilishi zimepita aina 30, nyingi zinatengenezwa na ini, na zinazunguka katika damu zikiwa zimelala. Iliyo nyingi kuliko zote ni C3, takriban gramu moja kwa lita. Antibodi zikimnasa bakteria, C1 inaamka, inakata C4 na C2, na vipande vyake vinaungana kuwa kimeng'enya kinachokata C3. Kipande C3b kinamganda bakteria ili seli mezaji zimtambue na kumla. Kipande kingine, C3a, kinaleta uvimbe. Mbele zaidi C5b, C6, C7 na C8 zinashikana, C9 zinajipanga duara na kutoboa utando wa bakteria, maji yanaingia, anapasuka. Bakteria wenye ukuta mnene hawatoboki hivyo. Hao huuawa kwa kuliwa.

Katika lupasi antibodi zinashika vitu vya mwili wenyewe. Mfululizo uleule unawaka, mara nyingi ndani ya figo, na C3 na C4 zinatumika kuliko ini linavyowahi kuzitengeneza. Kwa hiyo kipimo cha C3 kinashuka pale ambapo kinga imechachamaa. Mwambie mgonjwa huyo kwamba "kinga imeshuka" naye atatafuta cha kuipandisha, na vidonge vya prednisoloni, ambavyo kazi yake ni kuituliza kinga hiyohiyo, ataviona ndivyo vinavyomwangamiza. Akiviacha ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka, na tezi zake za adrenali, zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo na zilizozoea kusaidiwa nayo, zikashindwa kumudu. Kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya kinatosha kumfikisha huko.

Msemo wa CD4 nimekwisha kuukubali. Umezoeleka na haumdanganyi mtu. Kwingine, Kiswahili kina vitenzi vya kutosha: kinga hudhoofika, huchachamaa, hukosea shabaha. Chagua kinacholingana na ugonjwa. Kuhusu ukurasa wako wa vipimo, andika hivi: "C3 yako imepungua kwa sababu kinga inaitumia kwa wingi kushambulia mwili wako. Usiache dawa bila kumwona daktari."