Majimoto kwenye mikorosho ya uani

SWALI: Shikamoo bibi. Nina mikorosho miwili na mwembe uani kwangu. Majimoto, wale sisimizi wa mitini, wameshona viota juu, wanatembea mpaka kwenye kamba ya nguo na kuwang'ata watoto. Shemeji ameshanunua dawa ya wadudu. Tuwapulizie?
Mama wa watoto wawili, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie shemeji dawa hiyo asiifungue. Hao ndio walinzi wa korosho zako, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele hapo jirani wamewachunguza kwa sababu hiyohiyo.

Mkorosho usio na majimoto huvamiwa na mbu wa mikorosho wakati wa kuchipua. Anafyonza vikonyo laini, vinatoka vidonda vyeusi, kisha ncha inakauka kama iliyobabuliwa na moto. Kunguni wa minazi naye hufyonza korosho changa, zikasinyaa na kupukutika. Majimoto huwawinda wote wawili. Ukipuliza sumu utaua walinzi, halafu mbu watarudi kutoka mikorosho ya jirani.

Tena, wakianza kiota kipya, waite watoto watazame. Majimoto hujipanga ukingoni mwa jani na kushikana viuno mpaka wavute jani la pili. Wengine huja na mabuu mdomoni, wakawapitisha huku na huku kwenye mshono. Uzi unatoka kwa mabuu hao. Wakubwa hawana uzi. Mimi nikiwaona naacha jembe.

Kamba ya nguo ihame, ifungwe kwenye nguzo mbili mbali na miti. Badala yake funga kamba nyingine juu kabisa, kutoka mkorosho hadi mwembe, wapite huko bila kushuka chini. Na msitupe makombo shinani. Yanawaita sisimizi wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini, maadui wakubwa wa majimoto. Wakishamiri, majimoto huhama.

Watoto wakiumwa, osha kwa maji na sabuni. Majimoto hawana mwiba. Wanang'ata na kumwaga asidi palepale, ndiyo maana panawaka. Korosho mnaokota chini, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda. Maembe angua kwa upembo asubuhi mapema, kabla jua halijawachangamsha.

Ila ugonjwa wa ubwiriunga hawauzuii, maana ule ni ukungu. Maua yakitoka, kuanzia Juni au Julai, kagua kila mara. Ukiona unga mweupe, tumia salfa. Majimoto pia hufuga wadudu gamba kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Ukiona wadudu gamba hao wamejazana kwenye tawi moja, kata tawi hilo tu, na kiota usikiguse.