Kwa mnaoingia studio na biti za gitaa la majonzi

Vijana wengi wanaokuja kurekodi kwangu hapa Umoja, Nairobi, wana ombi moja: "Produsa, nataka nisikike kama Lil Peep." Wengine humtaja Juice WRLD, rapa mwenzake wa Marekani. Sina neno, kila msanii huanza kwa kuiga. Ila wengi wanaiga rangi ya nywele na kuacha kazi yenyewe.

Lil Peep, aliyefariki Novemba 2017 akiwa na miaka 21, alichukua gitaa la bendi za emo (roki ya huzuni), akaliweka juu ya ngoma za trap (biti nzito za rap), kisha akaimba kwa sauti ya kujikokota kama ya mwimbaji wa punk. Sauti yake aliirekodi zaidi ya mara moja, moja juu ya nyingine, zisizolingana sawasawa. Hapo ndipo waliomfuata walipochota. Naye alichota kwingine: Kanye West alishaimba maumivu kwa Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, mwaka 2008, na Kid Cudi akatoka na yake 2009.

Jaribu hivi. Imba kiitikio mara tatu, kila mara upya. Usinakili faili ileile, maana hapo sauti inapanda tu, hainenepi. Zile tofauti ndogo za pumzi na mwendo ndizo zinazofanya msikilizaji ahisi mtu anabishana na nafsi yake. Auto-Tune tuweke mwisho, tukishajua unaimba nini.

Sasa gitaa. Peep alitumia gitaa lililoliza vijana wa rika lake kule Marekani. Lako ni lipi? Kama kwenu redio ilicheza benga, chukua mtindo wa lile gitaa la mbele, lipunguze mwendo, usikie linavyolia. (Mimi hili nalipenda kupita kiasi, nivumilie.) Na kabla ya kuniambia rap ya uchungu ni ya Wamarekani, wasikilize Kalamashaka, kundi la rap la Dandora, walioimba dhiki kwa Kiswahili na Sheng tangu miaka ya 90.

Ukikata kipande cha rekodi ya mtu, unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi na ya mtunzi. Ukikipiga upya, ya mtunzi bado inabaki. "Lucid Dreams" ya Juice WRLD imejengwa juu ya wimbo wa Sting wa 1993, na Sting anahesabiwa kati ya watunzi wake. Hata hivyo, mwaka 2019 watu wa bendi ya Yellowcard waliushtaki wimbo huohuo kwa ajili ya melodi, wakidai dola milioni 15. Kesi waliiondoa 2020, Juice WRLD akiwa ameshafariki.

Vidonge viache. Vimewaua Peep na Juice WRLD wote wawili, na mistari ya Xanax (kidonge cha kutuliza wasiwasi) kutoka kwa mtu anayesumbuliwa na deni la HELB, mkopo wa chuo, naisikia uongo mstari wa kwanza tu. Andika hilo deni. Andika simu ya mama usiyoipokea kwa sababu huna cha kutuma.

Na njoo maneno yakiwa tayari, studio inalipiwa kwa saa.