Silki na brahma kwenye banda lenye jogoo wa kuchi

SWALI: Shikamoo mama. Nakaa Sakina, Arusha. Nyuma ya nyumba nina matetea 9 wa kienyeji na jogoo mmoja wa kuchi. Mayai tunakula, yanayobaki nauzia majirani. Sasa kuna mtu ananiuzia kuku wa kigeni, silki 3 na brahma 2, wote majike wanaokaribia kutaga. Wanangu hawalali kwa ajili ya hao silki, na mimi mwenyewe nawataka. Baba yao anasema nitaleta ugonjwa umalize hata hawa tulionao. Niwanunue? Na nikiwanunua, nawachanganyaje? — Mama watoto, Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu. Wanunue, lakini baba watoto ana hoja, na tuanze na hiyo hoja yake. Wengi wakileta kuku wageni huhofia kudonoana, kumbe kinachomaliza banda ni mafua na kideri. Kuku aliyeugua mafua akapona hubaki na vimelea mwilini huku ukimwona mzima kabisa, halafu safari na mazingira mapya vinamdhoofisha, anaanza kuvisambaza. Kwa hiyo hao watano wasikanyage uani kwako kwanza. Watafutie kibanda upande wa pili wa nyumba, wakae huko wiki 4. Asubuhi wahudumie kuku wako wa zamani kwanza, ndipo uende kwa wageni, na kandambili unazovaa huko zibaki huko huko. Vyombo vya maji na chakula vivyo hivyo.

Kabla ya kutoa hela, mshike kila mmoja umkague. Mgeuze, tenganisha manyoya karibu na sehemu ya haja. Chawa utawaona wakikimbia, na mayai yao yameganda kwenye shina la unyoya kama chembe za sukari. Kwa silki usiwe na haraka, manyoya yake yanaficha mengi. Angalia macho yasiwe na povu, uso usiwe umevimba. Shuka miguuni: magamba yakiwa yameinuka na yana ungaunga mweupe, hao ni utitiri, na brahma mwenye manyoya mpaka vidoleni ni lazima umpekue. Kisha hesabu vidole vya silki. Silki halisi ana vidole 5 kila mguu, na ngozi yake ni nyeusi hata kama manyoya ni meupe. Ukihesabu 4, huenda unauziwa chotara kwa bei ya silki.

Wakiwa huko pembeni, wageni na wenyeji wote wachanjwe kideri. Ile chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Anachanjwa kuku asiyeumwa tu, na kinga yake usiitegemee kabla ya wiki 2. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, basi waite majirani mchange, maana kideri cha jirani ni kideri chako. Ndui na dawa ya minyoo zungumza na bwana mifugo wa kata yenu.

Sasa huyo jogoo. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona silki waliochanika. Kuchi ni ukoo wa wapiganaji, mrefu, mzito, ana kipi cha mguuni kinachokata ngozi. Silki ni kijikuku cha kilo moja na kidogo. Akipandwa na kuchi mgongo unachubuka mpaka nyama, na silki wengi mfupa wa juu ya kichwa haujafunga sawasawa, donoo moja la utosini linatosha kumuua. Hao watatu wajengee kibanda chao, hata kidogo, na ukitaka vifaranga watafutie jogoo wa silki. Usiweke vichanja virefu, hawaruki. Na paa lisivuje kabisa. Manyoya ya silki hayashikani kuzuia maji, akinyeshewa analowa mpaka ngozini, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai haimwachi.

Mayai yake ni madogo, na anataga kidogo kisha anaatamia. Wewe usimfukuze kwenye kiota. Mpe mayai ya kienyeji, hata ya bata, atayalea. Kwa ulezi silki nampa nafasi ya kwanza.

Brahma ni wakubwa na wapole, hao ndio wa kuingiza kwenye banda kubwa. Karantini ikiisha, watenganishe na wenyeji kwa wavu tu, waonane wiki nzima. Kisha waingize usiku, wote wawili pamoja, uwapandishe kwenye vichanja wenyeji wakiwa wamelala. Alfajiri uwepo. Weka vyombo vya chakula viwili mbalimbali, tundika fungu la mchicha ili wawe na la kufanya. Kudonoana siku chache ni kawaida. Damu si kawaida. Aliyejeruhiwa mtoe, mpake GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, na yule mchokozi mkuu mtenge siku 3 hivi, akirudi anajikuta yeye ndiye mgeni. Mlangoni mwaga changarawe, tope la masika likikaukia vidoleni mwa brahma linamwumiza.

SWALI: Brahma wangu wa Pasua, Moshi, mchana wanahema midomo wazi na mayai yamepungua. Niwape vitamini?

JIBU: Hilo ni joto, ndugu yangu. Moshi mjini iko chini na ina joto kuliko Arusha, na brahma amevaa manyoya mazito. Walishe alfajiri na jioni, maji yawe kivulini uyabadilishe mchana, na sehemu ya juu ya ukuta wa banda toa mbao uweke wavu. Ukitaka kuongeza kuku wa ajabu, tafuta kishingo, ile shingo wazi inampunguzia joto. Chagua jogoo asiye na kishada cha manyoya mbele ya shingo: huyo hata kwa matetea wa kawaida vifaranga vyote hutoka shingo wazi. Mwenye kishada atakupa kama nusu tu.