Boti kuukuu ya skii: pima kabla hujakata sakafu

Kila msimu picha ni ileile. Boti ya skii (ya kuvuta watelezaji juu ya maji) ya miaka ya 1970 au 1980 imekaa juu ya trela, sakafu yote imeshakatwa, mihimili imeng'olewa, povu bovu la chini ya sakafu limejazwa kwenye magunia, na mwenye boti ameshika grinda anatabasamu. Swali lake: "Wakuu, sasa naanzia wapi?" Mdogo wetu, hilo lilikuwa swali la kabla ya kuwasha grinda. Haya, umeshafika, karibu. Vaa barakoa ya vumbi, ile yenye vichujio vya kweli, tuanze.

1. Thibitisha ugonjwa. Sakafu laini ni dalili tu. Kinachoamua ukubwa wa kazi ni mihimili ya chini yake. Igonge kwa nyundo ya plastiki: mbao nzima hulia ko, iliyooza hulia bu. Kisha toboa tundu la milimita 5 ubavuni mwa mhimili, karibu na chini, sehemu ya kitako cha injini (pale inapokalia) na sehemu ya tezi, yaani nyuma ya boti. Unga ukitoka mkavu na wa rangi ya mbao, shukuru na uzibe tundu kwa epoksi (aina ya rezini, gundi ya majimaji inayoganda ngumu). Ukitoka mweusi, umelowa na una uvundo, jiandae. Skrubu za kitako cha injini zikizunguka bila kukaza, usisumbuke hata kutoboa. Na povu lililokwisha kunywa maji halikaushwi kwa feni, hata ukiiacha mwezi. Linatolewa kwa koleo.

2. Umbo la bodi, yaani ganda la faiba la boti. Hapa ndipo boti nyingi zinapofia mikononi mwa mafundi wapya, kwa hiyo someni taratibu.

Faiba ya chini ya boti ya namna hii ina unene wa milimita chache tu. Kinachoifanya ibaki imenyooka ni mihimili, sakafu na zile kingo za juu, vyote vikishikana. Ukiondoa sakafu na mihimili kwa mpigo, bodi hulegea na kujilaza kwenye chochote kilicho chini yake. Trela ina mbao mbili tu za kuibeba. Katikati ya mbao hizo faiba inashuka, juu ya mbao zenyewe inabonyea ndani, na injini ikiwa bado imo, kilo mia tatu na zaidi, inasukuma mkuku (uti wa chini wa boti) chini. Kwa macho huoni kitu. Mpindo wa milimita 5 ndani ya urefu wa mita mbili hauonekani mpaka uweke rula.

Halafu fundi anakuja na mihimili mipya iliyonyooka vizuri, anachonga chini yake ili ilale sawa na bodi iliyokwisha kupinda, anaigandisha kwa faiba tabaka nne, na kosa linakuwa la kudumu. Akiishusha boti majini ndipo anapolipa. Chini ya tezi ikiwa imebonyea ndani, maji huinua tezi na kukandamiza omo (mbele ya boti): boti inapoteza mwendo, usukani unakuwa na kiherehere, na wimbi la nyuma ambalo mtelezaji alilinunulia boti hii halipo tena. Ikiwa imevimba nje, omo inadunda juu chini kwenye maji tulivu kabisa. Shafti ya propela nayo haikubali kunyooka na injini. Dawa ni moja: kung'oa kila kitu na kuanza upya. Hakuna propela ya kurekebisha jambo hili, na msimuamini anayewauzia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kabla ya kukata chochote, ingia chini na rula ngumu ya mita mbili, ielekeze kutoka tezi kwenda mbele, kwenye mkuku na pande zote mbili. Andika kila mwanya unaouona. Usishangae ukikuta mbonyeo mdogo karibu na tezi unaolingana kulia na kushoto; baadhi ya watengenezaji waliuweka kusudi. Usiolingana ndio wa kushuku. Pima pia kimo cha vitako vya injini kutoka kwenye uzi uliovutwa omo hadi tezi, na umbali kati yao. Piga picha zenye rula ndani yake.

Kisha toa injini. Tengeneza kitanda: fremu za mbao zilizokatwa kufuata tumbo la boti, moja kila sentimita 60 au pungufu, na iliyo karibu na tezi ishike upana wote. Weka pima maji kwa upana na kwa urefu. Funga mbao za kukingama juu, ukingo hadi ukingo, ili mbavu zisifunguke. Ndipo ukate. Ng'oa mhimili mmoja, weka mpya, uache ugande, halafu uende kwa wa pili. Rudisha rula chini ya boti kabla ya kila hatua ya kugandisha. Ndiyo, kila hatua. Mvivu wa rula ataumia kwa grinda.

3. Usafi. Futa nta na mafuta kwa asetoni kabla ya msasa, maana msasa huzika uchafu ndani ya mikwaruzo. Kisha saga kwa namba 36 au 40 mpaka faiba iwe na rangi moja isiyong'aa. Kama umepata ufa wa kupenya, uchonge kwa mteremko wa 12 kwa 1: unene wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 72 hivi.

4. Rezini. Amua moja kabla ya kununua kitambaa. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani, rezini iliyojengea boti hizi. Poliesta juu ya epoksi si ya kutegemea. Mkeka wa nyuzi fupi umeshikwa kwa gundi inayoyeyushwa na stairini ya poliesta, kwa hiyo ukiupaka epoksi unabaki mgumu na haukai kwenye kona. Ukichagua epoksi, tumia kitambaa cha kushonwa kisicho na mkeka wa aina hiyo.

Hadena (kigandishi) ya poliesta ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini: gramu 15 kwa kilo moja ni mahali pazuri pa kuanzia. Ya epoksi haipunguzwi wala kuongezwa kwa sababu ya baridi. Uwiano ni ule wa kwenye kopo. Vaa miwani, kwani hadena ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Na usiichanganye moja kwa moja na kichochezi cha kobalti: hulipuka. Rezini uliyochanganya imwage kwenye trei pana. Ikirundikana kwenye ndoo hujipasha moto hadi kutoa moshi.

5. Mihimili mipya. Usiibane kavu kwenye faiba. Ilaze juu ya rezini nzito, kisha jaza kona kwa mviringo wa milimita 15 hivi, maana kitambaa hakipendi pembe kali. Tabaka la kwanza lipande kwenye bodi sentimita 10, kila linalofuata lizidi kwa sentimita 5. Matundu ya kupitisha maji ya ngama (yanayojikusanya chini ndani ya boti) yapakwe rezini ndani. Tundu lisilopakwa ndilo lililoozesha mhimili wa kwanza.

6. Sakafu. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12, ipakwe pande zote mbili na kwenye kingo kabla ya kushuka. Povu jipya limwagwe kidogokidogo na kuachiwa matundu ya kupumulia: huvimba mara 25 hivi, na likibanwa litainua sakafu uliyoimaliza jana.

7. Skrubu. Toboa tundu kubwa, lijaze epoksi nzito, likigumu utoboe tena dogo katikati. Nguzo ya kuvutia skii isishikwe na sakafu. Ifungwe kwa bolti za kupenya hadi kwenye mihimili. Kunyoosha shafti na injini kufanyike boti ikiwa majini, baada ya kutulia siku moja, na mwanya kwenye kiungo cha shafti na injini usizidi milimita 0.08 ukizungushia fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) pande zote.