Jibu: Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inatuma kodi (msimbo wa redio wa kuwasha na kuzima), soketi ya rimoti haiitiki
Salaam mkuu. Umesema soketi inawaka Pi ikiwa karibu kabisa, ukisogea hatua chache inagoma. Basi kodi yako iko sawa, achana nayo. Angalia antena kwanza. Vile vimoduli vya redio vya 433 MHz, kisambazaji cha kutuma na kipokezi cha kupokea, mara nyingi huja bila antena, tundu la ANT liko wazi tu. Lehemu hapo waya wa sentimita 17.3, unyooke, usiuviringe. Halafu VCC (pini ya umeme) ya kisambazaji ipeleke pini ya volti 5 ya Pi badala ya 3.3; nilipofanya hivyo soketi zangu zikaanza kuitika toka chumba cha pili. Kipokezi sasa, hapo taratibu: kikila volti 5, DATA yake (pini ya kutoa ishara) isiingie GPIO (pini za ishara za Pi) moja kwa moja, utaunguza pini. Weka rezista mbili za kugawa volti. Ikigoma bado, tupia picha ya nyaya.