Maswali ya Wasomaji: Tunapokula katika Mkahawa wa Kichina wa Mtaani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na miji ya magharibi, nazo zinahusu ile mikahawa midogo ya Kichina yenye meza chache, mpishi mmoja au wawili, na menyu iliyojaa majina ambayo wengi wetu hatujayazoea. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengine pia.

SWALI: Mhariri mpendwa, niliwapeleka wakwe zangu kula chakula cha jioni katika mkahawa mdogo wa Kichina hapa Kisumu, tukiwa watu sita. Kila mmoja aliagiza sahani yake. Kuku wa baba mkwe akafika wa kwanza, tena bila wali, naye mzee akaona haya kuanza kula peke yake. Mboga yangu ilikuja baadaye, na samaki wa mume wangu aliletwa wakati wengine wamekwisha kumaliza. Mhudumu alikuwa na adabu, lakini nilitahayari sana. Je, kosa lilikuwa la mkahawa? Na tukirudi, niagize vipi? – Mama wa watoto wawili, mtaa wa Tom Mboya, Kisumu.

JIBU: Pole sana, mama, maana kutahayari mbele ya wakwe si jambo dogo. Hata hivyo, usiwe mwepesi wa kuulaumu mkahawa. Chakula cha Kichina hupangwa kwa ajili ya meza nzima, wala si kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, na jiko lenyewe hufanya kazi kwa kufuata desturi hiyo. Katika hoteli zetu nyingi za kawaida, maharagwe, mchuzi na nyama huwa vimeiva sufuriani tangu asubuhi, hivyo mhudumu anaweza kupakua sahani sita kwa mpigo mmoja. Mpishi wa Kichina hukata nyama na mboga mapema katika vipande vidogo vinavyolingana, kisha hukaanga kila chakula peke yake katika karai la chuma juu ya moto mkali sana, kwa dakika chache tu. Karai huoshwa, ndipo chakula kinachofuata huanza. Ikiwa mpishi ni mmoja, sahani sita haziwezi kutoka pamoja, na ile ya kwanza ikiwekwa kando kuzisubiri nyingine, mboga hulegea na kutoa maji, na ile harufu ya moto wa karai, ambayo ndiyo sifa ya mapishi haya, hupotea.

Kwa hiyo mtakaporudi, agiza wewe kwa niaba ya wote baada ya kuwauliza wazee wanachopenda na wasichokula. Kila chakula kinachofika kiwekwe katikati ya meza na kila mtu apakuliwe kidogo, huku kingine kikiwa njiani. Kinachomhusu mtu peke yake ni bakuli la wali, na huo umwombe mhudumu aulete mwanzoni kabisa, kwa kuwa katika baadhi ya mikahawa wali huja mwishoni usipousemea. Kwa hesabu ya kawaida, watu sita watatosheka na vyakula vitano hivi pamoja na supu moja kubwa na wali. Muhimu zaidi ya idadi ni kuvitofautisha: pawe na samaki, kuku au nyama ya ng'ombe, mboga za majani, na kitu laini kama mayai au tofu (vipande laini vya soya), kimoja kiwe cha mvuke, viwili vya kukaangwa kwa karai, kingine kiwe kimechemshwa polepole hadi kulainika. Meza yenye sahani tano za kukaanga, zote zikiwa na sosi ileile ya kahawia, huchosha ulimi kabla ya tumbo kujaa, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu waseme kwamba chakula cha Kichina kina ladha moja.

Waangalie wazee pia upande wa pilipili. China ni nchi kubwa yenye mapishi yanayotofautiana sana. Mapishi ya Guangdong, jimbo la pwani ya kusini, hayana ukali na huacha ladha ya samaki au kuku ijitokeze, ilhali mapishi ya Sichuan, jimbo la bara la kusini-magharibi, huchanganya pilipili kavu nyekundu na punje ndogo za mti mwingine ambazo huufanya ulimi na midomo ife ganzi. Mtu asiyeijua ganzi hiyo anaweza kudhani kwamba amedhurika. Muulize mhudumu mpishi anatoka wapi, au walau ni vyakula gani anavyovipika vizuri zaidi, kisha uagize hivyo.

Ningekushauri hasa uagize tilapia mzima wa mvuke. Sisi wa kandokando ya ziwa tumezoea kumla samaki aliyekaangwa hadi akakauka, au aliyetiwa mchuzi wa nyanya, na tunamjua vizuri kiasi kwamba hatudhani kuna njia nyingine ya kumheshimu. Mpishi wa Guangdong humchanja samaki mbavuni, humlaza juu ya vipande vya tangawizi, humfunika ndani ya mvuke kwa muda wa dakika kumi hivi kulingana na ukubwa wake, kisha humwaga yale maji ya samaki yaliyojikusanya kwenye sahani. Baada ya hapo humtandazia nyuzi nyembamba za tangawizi mbichi na vitunguu vya majani, hummwagia mafuta yaliyochemka mpaka majani yanatoa sauti na harufu yake inatangulia kufika mezani, ndipo humzungushia sosi ya soya kidogo. Nyama inatakiwa iachane na mfupa kwa kuguswa na kijiko tu. Mapishi ya namna hii hayafichi kitu, kwa hiyo uliza kama samaki ni wa siku ile kutoka ufuo kama wa Dunga au ametoka kwenye barafu. Tilapia wa kugandishwa huuzwa sana nchini mwetu, na China yenyewe ndiyo inayoongoza duniani kwa kufuga samaki huyo. Si vibaya kumtumia katika chakula chenye sosi nzito, lakini wa mvuke awe mbichi.

Jambo moja litawafurahisha wakwe zako ikiwa ni watu wa ziwani. Wavuvi wa pwani ya kusini mwa China hawampindui samaki mezani upande wa juu ukiisha, kwa kuwa wanaona ni kama kupindua mashua. Huinua uti wa mgongo na kuuweka kando, kisha wakaendelea na upande wa chini. Isitoshe, kwa desturi yao mgeni wa heshima au mzee huketi akiutazama mlango, na wengine humsubiri aanze kula. Mkalishe baba mkwe hapo, na yeye awe wa kwanza kupakuliwa kila sahani inapofika. Omba vijiko vya kupakulia, kimoja kwa kila sahani, ili mtu asitie kijiko chake cha mdomoni katika chakula cha wote.

SWALI: Assalamu alaikum. Tunapokuja Kisumu kwa shughuli zetu hupenda kula katika mkahawa wa Kichina. Hatuagizi nguruwe, tunaagiza kuku, mboga au tofu. Je, hiyo inatosha? – Msomaji, Mumias.

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Haitoshi. Katika jiko linalopika nguruwe, karai ni lilelile na mwiko ni uleule. Tofu hutengenezwa kwa maziwa ya soya na haina nyama, lakini tofu maarufu ya pilipili ya Sichuan kwa kawaida hupikwa pamoja na nyama ya kusaga, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, na ndivyo ilivyo kwa maharagwe mabichi ya kukaangwa. Supu inayoonekana kuwa ya mboga tu huenda imeanzia kwenye mifupa ya nguruwe, na baadhi ya wapishi hukaangia mboga kwa mafuta yake. Kuna pia divai ya mchele, ambayo hutiwa kwenye kuku na samaki ili kuondoa shombo, wala haiandikwi kwenye menyu.

Ukimuuliza mhudumu swali la jumla kama, “Chakula hiki ni halali?” huenda akakujibu ndiyo kwa nia njema, akimaanisha tu kwamba hakina kipande cha nguruwe. Uliza mambo mahususi: mnapika nguruwe jikoni humu? Mafuta ni ya nini? Kuku mmemnunua wapi, na amechinjwa na nani? Mnatia divai? Akisitasita, mwombe aende kumuuliza mpishi, na wala usione haya. Waadventista wengi wa Kisii na Nyanza nao hawali nguruwe, kwa hiyo mwenye mkahawa anayetaka wateja katika eneo hili anapaswa kuyazoea maswali haya na kuyajibu kwa uwazi.

Usidhani kwamba Uchina na uhalali havikutani. Wahui ni Waislamu wa China wenye mapishi yao ya karne nyingi, na tambi za supu ya nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou, ambazo huvutwa kwa mikono mpaka zikawa nyuzi, zinatoka kwao. Mkahawa wa namna hiyo ukipatikana karibu nawe, nenda.

SWALI: Mimi huumwa na kichwa nikila chakula cha Kichina, na wenzangu wanasema ni ajinomoto. Mume wangu naye ana shinikizo la damu. Tuache kabisa? – Msomaji, Section 58, Nakuru.

JIBU: Dada, kiungo hicho, yaani zile chembe nyeupe za kukoleza ladha, kilitambuliwa na mwanakemia Kikunae Ikeda mjini Tokyo mwaka 1908, alipokitoa katika mwani unaotumiwa kutengeneza supu. Ni chumvi ya glutamate, asidi ya asili inayokoleza ladha, na glutamate yenyewe imo katika nyanya mbivu, uyoga na jibini. Hofu ilienea baada ya mwaka 1968, jarida moja la tiba la Marekani lilipochapisha barua ya daktari aliyeeleza namna alivyojisikia baada ya kula katika mikahawa ya Kichina. Tangu hapo majaribio mengi yamefanywa ambamo watu hawakujua kama wamepewa kiungo hicho au la, na hayakuthibitisha kwamba kiasi cha kawaida kinachotiwa chakulani huleta madhara hayo. Wachache wanaweza kuumwa kichwa kwa muda mfupi wakimeza kiasi kikubwa bila chakula. Vikolezo vingi vya mchuzi vya pakiti tunavyotumia nyumbani vina kiungo hichohicho. Ikiwa navyo havikuumizi kichwa, tafuta sababu kwingine, na maumivu yakizidi umwone daktari.

La mumeo linanitia wasiwasi zaidi, na ni kwa sababu ya chumvi. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina takribani miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi. Sosi ya chaza na maharagwe meusi yaliyochachushwa navyo vina chumvi nyingi. Kwa kuwa kila chakula hupikwa wakati ule ule mlipoagiza, mpishi anaweza kupunguza sosi mkimwambia mapema, jambo ambalo haliwezekani kwa mchuzi uliokwisha kuiva. Achague samaki wa mvuke, sosi ikiletwa katika kibakuli kando, ale wali mweupe badala ya wa kukaanga, na asinywe mchuzi unaobaki chini ya sahani, maana chumvi nyingi iko humo.

SWALI: Je, ni utovu wa adabu kuomba kijiko badala ya vijiti? – Mwanafunzi, Kakamega.

JIBU: Hapana, mwanangu. Hata Wachina hunywa supu kwa kijiko. Ukitaka kujaribu vijiti, usivisimamishe ndani ya wali, kwa sababu hufanana na udi unaochomwa kwa ajili ya marehemu. Vilaze juu ya bakuli au kando yake.

SWALI: Hubaki na wali mwingi wa kukaanga, nasi huubeba nyumbani. Unaweza kukaa muda gani? – Baba wa familia, Milimani, Kisumu.

JIBU: Ndugu, katika joto la Kisumu jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi wali unapochemshwa. Wali ukiachwa mahali penye uvuguvugu, mbegu hizo huamka na kuongezeka, na sumu ya kutapisha ambayo bakteria huyo huitoa haiharibiwi kwa kupasha wali moto. Wali wa kukaanga unastahili uangalifu zaidi kwa kuwa wapishi hupendelea kutumia wali uliopikwa jana yake, ambao ni mkavu na haushikamani. Kwa hiyo unapoufunga wewe, huenda tayari ni safari yake ya pili.

Muulize mhudumu wali wa jana huhifadhiwa wapi. Jibu sahihi ni kwenye friji. Ukiubeba, uende moja kwa moja nyumbani, utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, na uuweke kwenye friji ndani ya saa mbili tangu ulipoletwa mezani. Uliwe kesho yake, upashwe moto mara moja tu hadi utoe mvuke kila upande, na utakaobaki hapo utupwe. Ule ambao umelala mezani au kwenye gari usiku kucha usimpe mtoto wala mtu mzima, hata kama haujatoa harufu.